Mwongozo kamili: Kumtafuta mwanajeshi wa kawaida wa Uingereza wa 1914–1918 kwa kuanzia kwenye kumbukumbu za familia

Wengi wanaomtafuta babu wa babu aliyepigana katika jeshi la Uingereza hukwama mahali pamoja. Wanaandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, tuseme William Jones, wanaletewa akina William Jones mamia kwa mamia, wanamchagua mmoja anayeelekea kufaa, kisha wanamjengea ukoo mzima juu yake. Baadaye kinatokea cheti kimoja tu kinachoonyesha kwamba huyo waliyemwekea maua kaburini hakuwa ndugu yao.

Mwongozo huu unafuata njia nyingine: unaanza nyumbani, unatafuta namba na kikosi, ndipo unabisha hodi kwenye nyaraka za serikali. Unamhusu hasa askari wa vyeo vya chini wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ofisa ana faili lake na mara nyingi anatajwa kwenye vitabu. Askari wa kawaida amebaki kwenye medali, picha moja na barua chache ndani ya kopo la biskuti, na familia isipoyasoma hayo, hakuna mwingine atakayeyasoma.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja na penseli laini. Kalamu ya wino isikaribie meza yenye nyaraka za zamani.
- Kioo cha kukuzia maandishi na taa ndogo inayoweza kuwekwa pembeni.
- Simu yenye kamera nzuri au skana.
- Bahasha za karatasi isiyo na asidi. Mifuko ya plastiki ya dukani inafungia unyevu.
- Cheti chako cha kuzaliwa na vya wazazi wako.
- Akaunti kwenye tovuti ya National Archives iliyoko Kew, London. Kuifungua ni bure, na daftari la makaburi la Commonwealth War Graves Commission (CWGC) nalo ni bure.

Usikimbilie kulipia Ancestry au Findmypast, tovuti za kutafutia ukoo, siku ya kwanza. Ukilipa kabla hujajua namba wala rejimenti (kikosi chake kikubwa), muda wa usajili utakwisha ukiwa bado unachambua majina yanayofanana. Ukiishi Uingereza, uliza kwanza maktaba ya umma ya mtaani kwako, kwani nyingi hutoa moja ya huduma hizo bila malipo kwa anayekaa mle ndani.

Kwenye daftari chora safu nne: taarifa yenyewe, imetoka kwenye hati gani, hati iliandikwa lini, na una uhakika kiasi gani. Safu ya mwisho ndiyo inayorukwa, na ndiyo itakayokuokoa.

## Hatua ya 1: Fungua sanduku, piga picha, usipange upya

Toa kila kitu kwa mpangilio ulivyokikuta. Barua zilizofungwa pamoja kwa utepe zilifungwa na mtu aliyejua sababu, na ukizichanganya sababu hiyo imepotea. Piga picha pande zote mbili za kila kitu, hata upande usio na maandishi.

Vya kutafuta:

Barua na postikadi. Usianzie kwenye salamu, anzia kwenye kona ya juu. Askari aliyetaka kujibiwa aliandika hapo namba yake, cheo, kampuni na batalioni, yaani vikundi vya ndani ya rejimenti. Mji aliokuwemo hutaukuta, kwa sababu barua zilikaguliwa. Ipo pia postikadi ya uwanjani yenye sentensi zilizokwisha kuchapwa, ambapo askari alikata zile zisizomhusu na kuacha kama ile ya kusema yu mzima. Haielezi mengi, lakini ina tarehe na muhuri wa posta ya jeshi.

Fomu za jeshi. B. 104-82 ndiyo iliyoletwa na posta kwa familia ya askari wa kawaida aliyekufa. Simu ya maandishi walipelekewa zaidi ndugu wa maofisa. Z. 21 alipewa aliyenusurika akarudi uraiani. Zote mbili zina namba na kikosi.

Biblia ya familia. Kurasa za mwanzo mara nyingi zina tarehe za kuzaliwa na kufa kwa mkono wa mama mwenye nyumba.

*Tahadhari:* usisugue medali. Dawa ya kung'arishia inakula herufi za ukingoni, na hizo ndizo unazozihitaji.

*Umefanikiwa iwapo* una angalau mawili kati ya haya matatu: jina kamili, namba ya jeshi, rejimenti.

## Hatua ya 2: Soma medali kabla ya kusoma kitu kingine

Medali za Waingereza za vita vya 1914–1918 ziliandikwa jina la mwenyewe. Ile ya fedha, British War Medal, na ile yenye rangi ya dhahabu, Victory Medal, zina maandishi ukingoni. Nyota za shaba zina maandishi mgongoni. Weka taa pembeni ili kivuli kiinue herufi, kisha zungusha polepole. Utasoma namba, cheo, jina na kikosi.

Kikosi hicho kwa kawaida ni kile alichoingia nacho vitani mara ya kwanza. Askari aliyejeruhiwa akapona angeweza kurudishwa kwenye kikosi kingine kabisa, kwa hiyo usishangae barua ya 1918 ikitaja rejimenti tofauti na medali.

Nyota zenyewe ni kalenda. Nyota ya 1914 ilitolewa kwa waliotumika Ufaransa au Ubelgiji kati ya tarehe 5 Agosti na 22 Novemba 1914. Nyota ya 1914–15 ni ya walioingia uwanja wowote wa vita kabla ya mwaka 1915 kwisha, ukiwatoa wale wa nyota ya kwanza. Mwenye medali mbili za duara bila nyota, yaelekea alivuka bahari kuanzia 1916, mwaka ambao Bunge lilianza kuwalazimisha wanaume kujiunga. Ila nyota inaweza kuwa iliuzwa wakati wa dhiki, kwa hiyo subiri Hatua ya 6 ndipo uhitimishe.

Vitu viwili huwapotosha wengi. Sahani kubwa ya shaba waliyopewa ndugu wa marehemu ina jina tu, bila cheo wala namba, kwa makusudi, ili wote walingane. Na beji ya fedha ya walioachishwa jeshi kwa majeraha au maradhi, iliyoanza kutolewa Septemba 1916, ina namba nyuma yake, lakini hiyo ni namba ya beji. Ukiiandika kama namba ya askari hutapata kitu.

*Tahadhari nyingine:* medali za Uingereza za Vita vya Pili hazikuandikwa majina. Ukikuta nyota za 1939–45 hazina neno, usidhani ni za bandia.

## Hatua ya 3: Ihoji picha

Picha ya studio inasema mengi kuliko sura. Kuza beji ya kofia: mzinga ni wa kikosi cha mizinga, bunduki mbili za rashasha zilizopishana ni za Machine Gun Corps, na rejimenti za mikoa zina wanyama, taji, waridi na majina yao.

Kisha angalia mikono ya koti. Kijipande cha shaba kilichosimama wima kwenye mkono wa kushoto ni alama ya jeraha, moja kwa kila tukio, nazo zilianza kuvaliwa 1916. Vialama vidogo vya V sehemu ya chini ya mkono wa kulia wa koti vinahesabu miaka ya utumishi ng'ambo, na vilianza kutumika 1918. Picha yenye alama hizo haiwezi kuwa ya mwaka 1915, hata kama shangazi ameandika hivyo nyuma yake.

Jina la studio litazame pia. Mara nyingi mji ule ulikuwa karibu na kambi ya mafunzo, nako kunasaidia kuchagua batalioni.

*Tahadhari:* picha peke yake si ushahidi wa mwisho, kwani askari alihama kikosi baada ya kupigwa picha.

## Hatua ya 4: Waulize wazee, tena maswali madogo

Swali la "alifanya nini vitani?" hujibiwa kwa kimya. Uliza vidogo: nyumbani walimwitaje? Walikaa mtaa gani? Alifanya kazi gani kabla ya vita? Nani alibaki na medali? Mwingereza aliyejulikana kwa wote kama Jack huenda kwenye hati ni John, na wengi walitumia jina la pili maisha yao yote. Vijana wengine walidanganya umri ili wapokelewe, kwa hiyo ongeza na punguza miaka unapotafuta.

Andika maneno yao kama walivyoyasema, ukiyapa alama ya "imesimuliwa". Mzee akisema yatosha, funga daftari.

## Hatua ya 5: Mfunge kwenye familia kwa hati za kiraia

Hapa ndipo akina William Jones wanapotenganishwa. Anza na wewe mwenyewe, panda kizazi kimoja kimoja: cheti chako kinataja wazazi, cheti chao cha ndoa kinataja baba zao. Usiruke hata kizazi kimoja kwa kuwa "inajulikana".

Kwa England na Wales, usajili wa kiraia ulianza Julai 1837. Kwa Scotland ulianza 1855, na hati zake zipo kwenye tovuti ya ScotlandsPeople. Orodha ya waliozaliwa ya General Register Office, ofisi kuu ya usajili, inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya ndoa, na hilo linatosha kuwatenga watoto wawili wenye jina moja katika mji mmoja.

Kisha sensa ya 1911 itakuonyesha kijana kabla ya vita, pamoja na kazi na ndugu zake. Sensa ya 1921 itakuonyesha nani alirudi na nani hakurudi. Ya England na Wales ilifunguliwa kwa umma Januari 2022. Ya England na Wales ya 1931 usiihangaikie, iliungua.

Hati ninayoipenda kuliko zote ni orodha ya wapiga kura wasiokuwepo nyumbani ya mwaka 1918. Sheria ya mwaka huo iliwaruhusu askari kupiga kura, hata wa miaka 19, na maofisa wa wilaya wakaandika anwani ya nyumba, jina, namba ya jeshi na kikosi kwenye mstari mmoja. Hiyo ndiyo fundo kati ya nyumba na jeshi. Hazikubaki za wilaya zote, na si zote zilizo mtandaoni. Waandikie watunzaji wa kumbukumbu wa kaunti husika ukiwapa jina la mtaa, maana orodha zimepangwa kwa mitaa.

*Umefanikiwa iwapo* unaweza kusema: huyu mwenye namba hii ndiye aliyeishi nyumba hii na mke huyu, na hati mbili zisizotegemeana zinakubaliana.

## Hatua ya 6: Kadi ya medali

Sasa ingia National Archives, mfululizo WO 372 (WO ni kifupi cha War Office, Wizara ya Vita). Karibu kila askari aliyetumika ng'ambo ana kadi humo. Tafuta kwa jina la ukoo na namba, si kwa jina pekee.

Kadi inaonyesha vikosi vyake, namba zake na medali alizostahili, na wakati mwingine tarehe aliyoingia vitani. Vifupisho hivi vitakutosha kwa mwanzo: *K in A* ni aliuawa mapiganoni, *D of W* ni alikufa kwa majeraha, *Class Z* ni aliwekwa akiba baada ya vita. Nakala za Ancestry zina pande zote mbili za kadi, na nyuma mara chache kuna anwani.

Sababu ya kusisitiza namba pamoja na rejimenti ni hii: wakati ule kila rejimenti ilitoa namba zake yenyewe. Namba 2417 ingeweza kuwa ya watu wengi kwa wakati mmoja. Zaidi ya hapo, askari wa Territorial Force, jeshi la askari wa muda, walipewa namba mpya ndefu mwanzoni mwa 1917. Mtu mmoja mwenye namba tatu ni jambo la kawaida.

*Tahadhari:* asiyetoka Uingereza kwa kawaida hana kadi. Wapo waliovaa sare miaka mitatu wakilinda pwani au wakifundisha farasi, na utumishi wao ulikuwa utumishi.

## Hatua ya 7: Faili la utumishi, kama lilipona

Septemba 1940 mabomu ya Wajerumani yaliunguza ghala la Wizara ya Vita lililokuwa Arnside Street, London. Takriban asilimia 60 ya mafaili ya askari wa vyeo vya chini yaliteketea. Yaliyookolewa, mengi yakiwa na kingo nyeusi na madoa ya maji, ni mfululizo WO 363. WO 364 ni mafaili yaliyotoka upande wa pensheni.

Usipolipata, usiseme babu hakupigana. Jaribu kwanza tahajia nyingine za jina la ukoo, herufi za mwanzo tu, na namba ya kikosi cha zamani.

Ukilipata, soma kurasa zote, hata zile zinazoonekana kurudiwa. Ukurasa wa kujiunga una umri, kazi na urefu. Ukurasa wa ndugu una tarehe ya ndoa na za kuzaliwa watoto, nao ndio unaothibitisha kwamba faili ni lake. Fomu B. 103 ina safari zake: siku aliyovuka, hospitali aliyolazwa, siku aliyorudi mstari wa mbele.

Jiandae. Faili hilohilo linaweza kutaja utoro, ulevi au maradhi ya zinaa. Amua mapema nani katika familia atasoma nini kwanza.

Kwa matawi mengine: mabaharia wako ADM 188, askari wa anga AIR 79 (RAF iliundwa tarehe 1 Aprili 1918), na maofisa wa nchi kavu wako WO 339 na WO 374.

## Hatua ya 8: Kama alikufa, kama alirudi

Aliyekufa. Tafuta CWGC. Daftari lao linawahusu waliokufa kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, kwa hiyo aliyekufa hospitalini Leeds mwaka 1920 kwa jeraha la vita anaweza kuwemo. Wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye kuta: Thiepval huko Ufaransa ina majina zaidi ya 72,000, Menin Gate mjini Ypres zaidi ya 54,000. Pakua pia karatasi za awali zinazoambatana na ukurasa wake. Humo utakuta maneno ambayo familia iliomba yachongwe kwenye jiwe na nani aliyeyaomba.

Halafu tafuta daftari la fedha za marehemu, linalojulikana kama Soldiers' Effects. Linaonyesha mshahara uliobaki ulilipwa kwa nani. Mara nyingi ni mama, kwa shilingi chache, na jina la mama huyo ndilo litakalokata shauri kama ndiye au siye.

Aliyerudi. Kadi za pensheni, zilizookolewa na chama cha Western Front Association zisitupwe, zinataja ulemavu, anwani na watoto. Ziko kwenye tovuti ya Fold3. Aliyetekwa, mtafute bure kwenye daftari za mateka za Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu.

Familia nyingi humkumbuka aliyekufa na kumsahau aliyerudi akakohoa gesi miaka ishirini. Mpe naye muda uleule.

## Hatua ya 9: Shajara ya batalioni

WO 95 ina shajara za vita, siku kwa siku. Zinawataja maofisa, askari wa kawaida ni nadra, yeye yumo ndani ya "watu 40 walipelekwa kuchimba". Ndiyo maana unaisoma ukiwa tayari na tarehe zako. Linganisha siku aliyojeruhiwa na ukurasa wa siku hiyo, utajua walikuwa handaki gani na mvua ilinyesha au la.

*Tahadhari:* hakikisha batalioni, si rejimenti tu. Rejimenti moja ilikuwa na batalioni nyingi, moja Ufaransa na nyingine Misri kwa siku hiyohiyo.

## Kama alipigana Afrika Mashariki

Baadhi yao walikuja kwetu. Batalioni ya 2 ya Loyal North Lancashire ilikuwa Tanga Novemba 1914, na ya 25 ya Royal Fusiliers ilishuka Mombasa Mei 1915. Wengi waliuawa na malaria na kuhara kuliko risasi, kwa hiyo usitafute siku ya mapigano tu kwenye shajara, tafuta hospitali. Makaburi yapo Taveta, Voi, Moshi na Dar es Salaam kwenye barabara ya Bagamoyo, na ndugu aliye karibu anaweza kwenda kukupigia picha ya jiwe.

Ukifika hapo utaona jambo ambalo lazima lisemwe. Mwingereza wa cheo cha chini kabisa ana jina lake kwenye jiwe, wakati wapagazi na askari Waafrika waliokufa katika safari hizohizo kwa sehemu kubwa hawana. CWGC yenyewe ilikiri kutotenda haki huko kwenye ripoti ya Aprili 2021. Kama faili au barua ya babu inamtaja mpagazi au askari kwa jina, nakili jina hilo kwa uangalifu uleule. Huenda halipo kwenye karatasi nyingine yoyote.

## Hatua ya 10: Andika, kisha gawa

Andika kurasa mbili tu kwanza. Tumia viwango vitatu vya uhakika ndani ya maandishi yenyewe: "hati inasema", "yaelekea", "familia inasimulia". Msomaji wa kizazi kijacho atajua pa kuendelea kuchimba. Usijaze mapengo kwa mapigano maarufu. Si kila aliyekuwa Ufaransa mwaka 1916 alikuwa Somme.

Kwa kila sentensi yenye tarehe, taja hati chini ya ukurasa. Ondoa tarehe za kuzaliwa na anwani za ndugu walio hai kabla ya kuweka chochote mtandaoni.

Nyuma ya kila picha andika kwa penseli laini, ukingoni: jina kamili, namba, mwaka unaokadiriwa, na nani aliyeitambua sura. Nakala za skana zihifadhiwe katika nyumba mbili tofauti. Medali na barua halisi akabidhiwe mmoja, na ndugu wote waandikiwe ni nani. Kama hakuna anayezitaka, waulize jumba la makumbusho la rejimenti yake au watunzaji wa kumbukumbu wa kaunti alikozaliwa kabla ya kumwonyesha mnunuzi yeyote, kwa sababu medali ikishatengana na barua zake ni vigumu mno kuzikutanisha tena.